Kuku Anapougua kwa Sababu ya Mayai



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kulijibu swali ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo. Mama mmoja ametuandikia ya kuwa mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 12, anafuga kuku jike mmoja ambaye wamezoeana mno, hata kijana akienda chuoni kuku humfuata mpaka mlangoni, na jioni humngoja. Kuku huyo alikuwa akitaga karibu kila siku. Kisha akaanza kutaga mayai yasiyo na ganda, na sasa hatagi kabisa. Tumbo limemvimba na kidari kimekonda. Jirani amewashauri wampeleke sokoni upesi wakamwuze kabla hajawatia hasara. Kijana amekataa, naye ataka kuku wake atibiwe. Mama atuuliza mambo matatu: haya ni maradhi gani, je, yatibika, na kumtumilia fedha kuku ambaye hatatoa tena yai hata moja, je, si israfu?

Sisi hatulioni swali hili kuwa dogo. Katika nyumba zetu nyingi hamna ng'ombe wala mbuzi. Kiumbe cha kwanza chenye roho ambacho mtoto hupewa akaambiwa, "Huyu ni wako," aghalabu ni kuku. Kwa kuku huyo ndipo mtoto ajifunzapo nini maana ya kumiliki kiumbe kisichoweza kusema, "Naumwa." Akifundishwa vizuri hapo, atafaa hata akiwa na vikubwa zaidi. Akifundishwa ya kuwa kiumbe kina haki maadamu kinatoa faida tu, fundisho hilo halitaishia bandani.

YAI LINAVYOFANYIKA

Ili tuyafahamu maradhi hatuna budi kwanza tujue yai linavyofanyika. Kuku jike huanguliwa akiwa na maelfu ya vijiyai vichanga mwilini mwake. Kifuko cha mayai kinachokua ni kile cha upande wa kushoto tu, pamoja na mrija wake. Cha kulia hubaki kidogo bila ya kazi. Kuku anapokuwa katika kutaga, kifuko hicho huonekana kama kishada cha zabibu za manjano, kubwa kwa ndogo, nazo ndizo viini vya mayai ya siku zijazo. Kila mama aliyepata kumpasua koo jikoni amekwisha kukiona kishada hicho kwa macho yake.

Kiini kikikomaa hukwanyuka kikapokewa na mdomo wa mrija, ambao umepanuka kama faneli. Mrija wenyewe una urefu wa sentimita 60 au zaidi kidogo, nao umejikunja ndani ya tumbo. Mdomoni mwa mrija kiini hukaa kiasi cha robo saa. Kisha huteremka mahali pa kuvikwa ute, nacho hukaa hapo kiasi cha saa 3. Kisha huvikwa utando kwa muda wa saa moja na kitu. Mwisho huingia katika chumba cha ganda, na humo hukaa kiasi cha saa 20. Jumla yake ni saa 24 hadi 26. Na yai likisha kutagwa, aghalabu haipiti nusu saa ila kiini kingine kimekwanyuka, na safari imeanza upya. Ganda moja huchukua kiasi cha gramu 2 za kalsiamu, yaani ile chokaa ifanyayo mifupa. Kuku asipoipata ya kutosha katika chakula chake, huitoa katika mifupa yake mwenyewe.

Basi yai tuliokotalo asubuhi kiotani ni kazi ya mwili ya mchana kutwa na usiku kucha, na mwenye kuifanya hailipwi ila punje na maji.

Tutazame sasa kazi hiyo imezidishwa kiasi gani. Kuku mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye ndiye asili kubwa ya kuku tunaowafuga, hutaga kiasi cha mayai 10 hadi 15 kwa mwaka, akayaatamia, akalea. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai kiasi cha 40 hadi 60 kwa mwaka, tena kwa vipindi. Kati ya kipindi na kipindi huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga wiki kadhaa, na muda wote huo mrija wake umepumzika. Ama kuku wa kisasa wa mayai, ambaye wafugaji wamemchagua kizazi baada ya kizazi, hutaga kiasi cha mayai 300 kwa mwaka, na katika wengi wao hamu ya kuatamia imetoweka. Mapumziko ya kulea hana.

Wafugaji wakubwa humweka kuku wa namna hii mpaka apate umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mayai yakipungua na maganda yakiwa mepesi, humwuza kwa bei ndogo. Na hao ndio ambao watu wengi wa mijini huwanunua sokoni. Watoto wakawapenda, wakawapa majina. Huko mabandani kuku wengi huondoshwa kabla maradhi ya mayai hayajawadhihirikia. Huja yakadhihirika nyumbani kwetu.

MARADHI MANNE

Maradhi ya mayai ni mengi, lakini manne ndiyo yatupasayo kuyajua.

La kwanza ni yai kukwama. Kuku hujitenga, mkia hushuka, hukakamuka na kupumua kwa nguvu, huingia kiotani na kutoka pasi na yai. Aghalabu sababu yake ni upungufu wa kalsiamu, unene, yai kubwa kupita kiasi, au kukaa mahali finyu bila ya kutembea. Hili ni jambo la kuhimizwa, kwani yai likikaa humo siku mbili kuku aweza kufa. Mwekeni katika beseni la maji ya vuguvugu, yafike tumboni, kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Kisha mkausheni, mpakeni mafuta safi kidogo kwenye njia ya kutokea yai, mkamweke mahali penye joto, penye kiza na pasipo kelele. Msimkamue tumbo, wala msilivunje yai kwa kitu chochote. Vipande vya ganda hukata mrija kwa ndani, na jeraha hilo huingiza maradhi yaliyo makubwa kuliko la kwanza. Jioni ikifika na yai halijatoka, mwiteni bwana mifugo.

La pili ni mrija kutoka nje. Kuku akikakamuka sana, sehemu ya mrija hutokeza nyuma, nyekundu na yenye unyevu. Mtengeni saa ile ile, kwani kuku wenziwe wakiona wekundu huo humdonoa mpaka wakamwua. Osheni kwa maji safi ya vuguvugu, pakeni mafuta safi, rudisheni ndani taratibu kwa kidole kilichooshwa. Ikitoka tena, hiyo ni kazi ya mganga.

La tatu ni kuoza kwa mrija. Vijidudu, hasa vile vya kinyesi viitwavyo E. koli, hupanda ndani ya mrija, na hapo hufanyika uvimbe wa usaha na utando uliojikunja tabaka juu ya tabaka. Pengine kuku huutoa kama yai, nawo hunuka na wafanana na kipande cha mpira. Mwenye kuokota kitu cha namna hiyo kiotani asidhani ni yai baya tu. Hiyo ni habari ya maradhi makubwa.

La nne ni kiini kuangukia tumboni. Mdomo wa mrija usipokipokea kiini, hicho huanguka ndani ya tumbo. Kimoja mwili waweza kukifyonza. Vikifululiza, na vijidudu vikaingia, tumbo hujaa maji na uchafu. Kuku husimama wima, kifua juu na mkia chini, kama mtu aliyebebeshwa mzigo mbele. Kilemba chake cha kichwani hupauka, kinyesi huwa cha manjano au kijani, na ukimpapasa kidarini wauhisi mfupa mkali, ilhali tumbo ni zito.

Zaidi ya hayo, kuku mzee aweza kupatwa na saratani ya kifuko cha mayai. Maradhi haya humjia sana bila ya kutiwa na mtu, hata wataalamu wanaochunguza saratani ya namna hiyo kwa wanawake wamemchukua kuku kuwa mfano wa kujifunzia. Dalili zake za nje hazipambanuki kwa urahisi na zile za la nne.

Mama aliyetuandikia ataona ya kuwa dalili alizozitaja zaelekea hilo la nne. Lakini sisi si waganga, wala barua haiwezi kupapasa tumbo. Ampeleke kuku kwa mwenye kujua.

HABARI YA TAUSI

Katika mwaka 2021 mmoja wa wanafunzi wetu wa chuo, binti wa miaka 11, alinunuliwa na baba yake, ambaye ni fundi cherehani, kuku mmoja katika hao waliouzwa baada ya kuchoka. Alikuwa wa rangi ya kahawia, shingo haina manyoya kwa kudonolewa na wenziwe. Binti akamwita Tausi. Watu walicheka, lakini baada ya miezi miwili manyoya yakaota, na jina likakubalika.

Tausi alitaga vizuri kwa muda. Kisha asubuhi moja akaonekana amejificha nyuma ya pipa la maji, akikakamuka. Mama wa nyumba alimpapasa akahisi kitu kigumu kama jiwe. Akamtia katika maji ya vuguvugu, akamfunika kwa kanga ndani ya kapu, na kabla ya adhuhuri yai likatoka, ganda lake jepesi kama karatasi. Tangu siku hiyo binti akawa akitwanga magamba ya chaza na kumwekea katika kifuu.

Miezi minne ikapita. Tumbo likaanza kuvimba. Bwana mifugo akaja, akalipapasa, akatoa kwa sindano maji ya manjano kidogo ayatazame. Akawaambia ya kuwa viini vinaangukia tumboni na kuna vijidudu. Akampa dawa ya siku 5, akawakataza kula yai lolote litakalotokea mpaka zipite siku alizowaandikia. Kisha akasema, na binti yupo, "Dawa hii itampa siku. Sidhani kama itampa miaka." Twamshukuru bwana huyo kwa kusema kweli mbele ya mtoto.

Tausi alipata nafuu kiasi cha wiki tatu. Akala mtama katika kiganja cha binti, akaoga vumbi chini ya mwarobaini. Kisha uvimbe ukarudi, na safari hii akaacha kula. Baba akatujia baada ya sala ya isha akasema, "Maalim, niko katika shida. Nikimwacha, anateseka. Nikimchinja, mtoto ataniona mimi ni mwuaji. Na dawa nyingine bwana mifugo asema haitafaa kitu."

Tulimshauri asimchinje kwa siri mtoto akiwa amelala, kisha amwambie kuku amepotea. Mtoto akidanganywa katika kifo cha kuku, hatatuamini tutakapomweleza mambo mengine ya kifo na uhai. Asubuhi binti akaja pamoja na baba yake. Akatuamkia, "Shikamoo Maalim," kisha akauliza swali lake pale pale: "Mlitufundisha ya kuwa mnyama ni amana. Kama ni amana, mbona tunataka kumwua?"

Tukamwuliza, "Mwanangu, Tausi anakula?"

"Hali."

"Anaoga vumbi?"

"Hawezi kukaa chini, tumbo linamzuia."

"Ukimwita, anakuja?"

Hapo alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Jana sikumwona kuja. Alinitazama tu."

Sisi hatukuongeza neno. Baada ya kitambo akamgeukia baba yake akasema, "Basi mchinje, Baba. Lakini kisu ukinoe mbali naye, asikione."

Baba akafanya hivyo. Alipompasua akaukuta mrija umejaa donge gumu kama viini vilivyochemshwa vikashindiliwa, kubwa kuliko ngumi yake, na maji yenye kunuka. Nyama haikuliwa, kwa sababu ya uchafu ule na dawa zilizokuwamo mwilini. Walimzika nyuma ya nyumba, shimo refu, mbwa wasimfukue. Binti aliomba aonyeshwe kilichokuwamo, na baba hakumkatalia. Alitazama, kisha akasema, "Alikuwa na yote haya, na bado alikuja kula mkononi mwangu."

Sisi twaandika maneno haya kwa kuwa yana elimu ndani yake. Kuku ni kiumbe afichaye ugonjwa, kwani mwituni aliyeonekana dhaifu huliwa. Anayemngoja kuku alie ndipo ajue anaumwa, atangoja mpaka siku ya mwisho. Hatuna budi sisi tumtazame.

JE, NI ISRAFU?

Sasa twalifikia swali la tatu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa kuna mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia pasipo kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameandika wazi: mwenye mnyama yampasa amlishe na amnyweshe. Akikataa, kadhi aweza kumlazimisha achague moja: amlishe, amwuze, au, akiwa ni mnyama wa kuliwa, amchinje. Angalieni ya kuwa katika machaguo hayo hakuna la nne la kumwacha ajifie pembeni.

Wala wajibu huo haukufungamanishwa na mayai. Hakuna mwanachuoni aliyesema, "Mlishe maadamu anataga." Tena sisi tulioyala mayai yake tumo katika ugonjwa wake, kwani ni kwa ajili ya mayai hayo mwili wake umefanywa kuwa hivyo ulivyo. Aliyekula faida na asikimbie gharama.

Lakini gharama nayo ina mipaka, wala hatusemi baba auze cherehani yake ili amtibu kuku. Israfu ni kutumia pasipo haja, au kupita kadiri. Maji ya vuguvugu, kivuli, chakula kizuri na kapu la kulalia, hayo hayana thamani ya kumshinda mtu. Kumwita bwana mifugo mara moja ili maradhi yajulikane, ikiwa mtu anaweza, si israfu bali ni wajibu mwema. Ama matibabu makubwa, kila nyumba itazame uwezo wake. Katika nchi ya Uingereza, ambako watu wengi huwachukua nyumbani kuku waliotolewa katika mabanda makubwa, waganga huweza kumtia kuku chini ya ngozi kidonge kidogo cha homoni chenye kusimamisha kutaga kwa miezi kadhaa, ili mrija upumzike. Pengine humpasua wakautoa mrija wenyewe, nayo ni kazi ya hatari. Mayai na nyama ya kuku aliyetiwa homoni hiyo haviliwi. Asiyeyapata hayo, au asiyeyaweza, hana lawama. Atalaumiwa aliyekuwa na beseni na maji, asinyanyuke.

Kuna jambo jingine twalisikia sana, nalo ndilo alilolishauri yule jirani: kuku akionekana mgonjwa, apelekwe sokoni upesi kabla hajafa, auzwe kwa asiyejua. Jambo hili ni ghishi. Mwenye kuuza yampasa aitaje aibu ya kitu chake. Anayemfundisha mwanawe kumkung'uta kuku mgonjwa manyoya ili aonekane mzima mbele ya mnunuzi, amemfundisha biashara ambayo siku moja itamrudia yeye mwenyewe uzeeni.

SAA YA KISU

Kijana aliyefuga huuliza, "Nitajuaje kuwa wakati umefika?" Sisi twamwambia atazame mambo aliyoulizwa yule binti. Kuku asipokula, asipooga vumbi, asipoitika, na mganga akasema dawa imekwisha kufanya iwezalo, basi kumweka zaidi ni kwa ajili ya machozi yetu, si kwa ajili yake.

Achinjwe na mtu mzima ajuaye, kwa kisu kilichonolewa sana, kisichonolewa mbele yake, wala asichinjwe mbele ya kuku wenziwe. Abebwe taratibu mikono miwili, asining'inizwe miguu juu, kwani tumbo lililojaa maji humbana pumzi akaingiwa na tabu kubwa. Asingojwe mpaka akawa kibudu. Ama kula nyama yake: ikiwa yai lilikwama tu, hana homa, wala hakupewa dawa, nyama yake haina neno. Ikiwa tumbo lina usaha, au amepewa dawa na siku zake hazijatimia, asiliwe, na azikwe shimo refu.

KINGA

Tusingoje kutibu. Haya yafuatayo yamo katika uwezo wa kila nyumba.

1. Kuku atagaye apewe chakula cha kuku wa kutaga, na kando yake awekewe magamba ya chaza au ya kombe yaliyotwangwa, au maganda ya mayai yaliyokaangwa makavu na kusagwa. Kiwe chombo mbali, ale kwa kadiri ahitajiyo. Chakula hicho chenye chokaa nyingi wasipewe vifaranga, kwani huwadhuru figo.

2. Asinenepeshwe kwa mabaki ya wali na mkate kila siku. Mafuta tumboni huubana mrija.

3. Asiwashiwe taa usiku ili atage zaidi. Mwangaza mrefu ndio unaouamrisha mwili wake kutaga. Kiza cha usiku ni mapumziko yake.

4. Kuku wa kienyeji akitaka kuatamia, aachwe aatamie. Hiyo ndiyo likizo aliyopewa.

5. Kiota kiwe kikavu, na banda lifagiwe. Vijidudu vya mrija hutoka katika kinyesi.

6. Chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, itiwe kwa wakati wake, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Maradhi hayo huua, na aliyepona huenda akaharibika kutaga.

7. Asipewe dawa ya dukani kwa kubahatisha. Dawa isiyo ya ugonjwa wake haimponyi, na mabaki yake huingia katika yai mlalo.

8. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo kuku, wala asimbusu mdomoni. Mapenzi hayaondoi vijidudu.

9. Kijana mwenye kufuga awe na daftari dogo. Kila siku aandike: ametaga au hakutaga, ganda gumu au jepesi, amekula au hakula. Na kila Ijumaa ampapase kidari na tumbo. Daftari hilo likipelekwa kwa bwana mifugo litamfaa kuliko maneno mengi.

Twamwomba mama aliyetuandikia amsomee mwanawe makala haya, wala asimfiche sehemu ya kisu. Kijana anayengojwa mlangoni na kuku wake amekwisha kuwa na moyo wa kutosha kuisikia kweli. Na yule jirani, naye asomewe, kwa upole.

Mwezi ujao, inshallah, tutajibu barua zinazouliza habari za watoto wanaochelewa kujua kusoma. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam.